Sina Neno, Ila

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau mkorofi kama kawaida yako, maana sisi huku tunapima afya yako kwa ukorofi. Hatujambo. Kidoti binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "sasa" anatulowesha. Baba yake bado yuko na lifti zake. Wiki iliyopita alikwama saa mbili ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe, na amekataza habari hiyo isitoke nje ya nyumba, kwa hiyo usimwambie mtu.

Mimi nimechoka tu. Siumwi. Ni kule kuamka tayari umechoka, kama mtu aliyefanya kazi ndotoni.

Ningekupigia, lakini tangu mama afariki simu yako imezimwa na najua hutaiwasha kwa ajili yangu. Basi naandika.

Lililonileta ni hili. Kile kisomeo nilichokwambia kimekamilika. Kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Unakielekeza kwenye karatasi, kinapiga picha, kinakusomea kwa sauti. Miaka minne ya maisha yangu imo mle ndani. Na kinachosoma ni Msomaji, programu yenu wewe na mama. Tulijaribu nyingine, zinasoma lugha yetu kama mtu mwenye mafua. Hakuna inayomfikia Msomaji.

Tatizo ni leseni mliyoiweka. Inasema kila anayemgawa Msomaji lazima ampe anayempokea haki zote alizopewa yeye, pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayomwendesha, na wa kila alichomuunganisha nacho. Sawa. Lakini sauti ya kisomeo tumeichukua kwa kampuni nyingine, na hao msimbo wao hawamwonyeshi hata mama yao mzazi. Halafu kiwanda chetu kinataka kisomeo kifungwe, mtu asiingize programu nyingine akakiharibu. Wakili wetu ameandika aya moja ya kuongeza chini ya leseni: haki zote zinabaki, ila kiwanda hiki kinaruhusiwa kumuunganisha Msomaji na sauti isiyo huria, na kukifunga kifaa.

Ni ila moja tu, mjomba. Wenye Msomaji ni nyinyi wawili, na nusu ya mama imeniangukia mimi. Saini ni mbili. Karatasi nimeiambatisha. Soma, weka saini, rudisha.

Kidoti anakusalimu kwa mate.

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Ukorofi ninao wa kutosha, nikikupunguzia hata kidogo utasaza. Habari ya lifti sijamwambia mtu, isipokuwa mshona viatu jirani yangu, naye amecheka mpaka akajichoma sindano. Kompyuta, mashine yangu ya zamani, ikiwashwa inakohoa, mimi nikiamka nakohoa, tunaitikiana. Juzi nilimimina chai mezani badala ya kikombeni. Nadhani kikombe kilikuwa kimehama.

Kabla sijasahau: ukiandika tena, piga chapa. Herufi kubwa, wino mweusi. Mwandiko wako umekuwa wa daktari na kurasa zako mbili zimenila siku tatu. Mimi nitaendelea na kalamu, maana barua ya mkono ndiyo heshima.

Sasa ila yenu. Miaka thelathini nilikaa kwenye kiwanda cha kuchapa nikisahihisha maandishi ya watu, na neno hilo nalifahamu. Lina maana mbili. La kwanza ni isipokuwa. La pili ni kasoro, kama tunavyosema fulani hana ila. Wakili wako ameandika la kwanza, mimi nasoma la pili.

Wewe ulikuwa mdogo kuliko Kidoti wakati ule, acha nikusimulie vizuri. Msomaji nilimwandika kwa sababu mama yako alikuwa haoni na alichoka kusomewa barua zake na watu wa ofisini. Fikiria, yeye ndiye aliyekuwa anaunganisha simu za jengo zima, siri za kila mtu anazijua, halafu barua yake mwenyewe lazima apite nayo kwa karani. Mimi niliandika msimbo, yeye akaufundisha kutamka. Lile faili la mikazo ni lake kuanzia mstari wa kwanza. Yeye ndiye aliyenikalisha chini na neno barabara. Ukikaza "ra" ya kwanza unasema sawasawa. Ukikaza "ba" ya pili unasema njia ya magari. Kila barua ikisema mambo yanakwenda barabara, Msomaji alikuwa anatuambia yanakwenda njia ya magari. Mama yako alicheka, halafu akakaa wiki mbili akilirekebisha, asile vizuri.

Mara ya kwanza tulimgawa Msomaji bure bila sharti lolote. Chukueni. Wakachukua. Kampuni moja ikamtia ndani ya kisanduku, ikakifunga, ikakiuza maofisini, na kimoja kikaletwa kwenye meza ya mama yako. Nilikuwepo. Alikiwasha, akasikia kazi yake mwenyewe ikimsomea, akafurahi kama mtoto. Kikafika kwenye neno barabara, kikasema njia ya magari. Walikuwa wamechukua nakala ya zamani. Akasema hilo si kitu, nalijua, nitalirekebisha sasa hivi. Kisanduku kikamjibu kwamba hana ruhusa.

Sijawahi kumwona dada yangu akinyamaza vile. Ndipo tukaweka sharti: anayepokea ampokeze mwenzake vilevile, wala asifunge. Sasa wewe, mtoto wa tumbo lake, unaniletea karatasi ya kufungia.

Saini sijaweka. Sijasema hapana pia. Nimechoka, na mtu aliyechoka asijibu haraka.

Mjomba wako


15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimepiga chapa, herufi ukubwa wa mende, usinilalamikie tena. Kidoti amepata homa ya siku mbili na amepona. Baba yake sasa anapanda ngazi kila mahali, anasema ni kwa ajili ya mazoezi.

Hadithi ya kisanduku naijua. Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara alikuwa ananyamaza palepale uliponyamaza wewe. Usidhani sina moyo.

Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Leseni yenu si kweli kwamba haina ila. Fungua mstari wa mwisho kabisa: ila sauti inayotoka ni mali ya aliyesomewa, afanye nayo apendavyo. Hiyo si ila? Aliitaka mama mwenyewe, ili mwalimu akirekodi somo kwa Msomaji asilazimike kuligawa somo lake kwa masharti yenu. Uhuru haukufa siku ile. Watu walizidi kumtumia. Kwa nini ila ya mama iwe baraka na ya kwangu iwe kasoro?

Na kitu kingine. Uhuru wa kufungua ni wa nani? Wa kwako na wa kwangu, tunaojua kufungua. Jumanne zote naketi kwenye kliniki ya macho na visomeo vya majaribio. Kuna fundi cherehani pale, mama mtu mzima, alishika kisomeo akasomewa maandishi ya kwenye chupa ya dawa yake, akalia. Hakuniuliza msimbo uko wapi. Nikimwambia subiri, mjomba wangu na marehemu mama yangu wana sharti lao, ataniona mwendawazimu.

Ukikataa, kiwanda kitatia programu ya watu wengine, ile yenye mafua, ambayo imefungwa kuliko hata hii yetu. Kwa hiyo kifaa kitafungwa tu, tofauti ni kwamba kitasoma vibaya. Huo ndio uhuru mlioukusudia?

Mkuu wangu, yule tunayemwita Bi Ratiba kwa sababu hata kupiga chafya anakupangia saa, ananiuliza kila asubuhi. Nimemjibu nilivyomjibu. Usiniulize.

Nawe mbona mistari yako inapanda? Inaanza chini kushoto inamalizikia juu kulia, mingine imekaa juu ya mwenzake. Umebadilisha meza?

Mpwa wako


21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Meza ni ileile. Nimebadilisha kiti.

Nimechelewa kwa sababu barua yako niliisoma, nikaiacha, nikairudia. Umekuwa hodari wa maneno kama mama yako, na mimi kwa mama yako sikuwahi kushinda hata mara moja, kwa hiyo nianze kwa kukubali nilipobanwa. Ni kweli, ila tunayo. Nilikuwa nimeisahau. Niliona haya peke yangu humu chumbani.

Lakini zitazame mbili hizo pamoja. Ila ya mama yako ilisema tusimshike mtu kwa kitu alichokitengeneza yeye. Somo ni la mwalimu, tulikuwa hatuna haki nalo, tukarudi nyuma. Yenu inasema tumshike mtu kwa kitu alichokipokea. Ya kwanza inamlinda aliyesomewa. Ya pili inamlinda mwenye kiwanda dhidi ya aliyesomewa. Zote zinaitwa ila, zote ni mstari mmoja, na wakili wako atakwambia hazina tofauti. Mimi nasema aulizwe huyo fundi cherehani, baada ya mwaka mmoja, siku kisomeo kitakapomkosea.

Kingine, wewe unajua kuliko mimi: ruhusa ikishatoka hairudi. Vifaa vilivyotoka nayo vimetoka nayo, hata tukilia.

Hata hivyo swali lako la kliniki limenikaa. Limenikaa kuliko unavyodhani. Yapo mambo mtu hawezi kuyaandikia barua, na hili ni mojawapo, kwa hiyo lipite. Inatosha kusema kwamba si watu wote wanaokingoja kisomeo chako wako kwenye foleni ya Jumanne.

Karatasi ya wakili imefunga mambo mawili katika fungu moja. Kumuunganisha Msomaji na sauti ya watu ni jambo moja. Kukifunga kifaa ni jambo lingine kabisa. Wameyaviringisha pamoja ili tuyameze kwa mpigo. Mimi nimeyatenganisha, na jibu langu kamili liko ukurasa wa pili, lisome taratibu.

Mjomba wako nimechoka kubishana, na sitaki kuwa mtu wa mwisho kumnyima mtu barua yake. Kwa hiyo mimi sina neno, ila


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Kidoti ameota jino moja, limekaa upande.

Barua yako imefika salama. Nimeona ulivyosema huna neno. Asante sana, hujui umenitua mzigo gani. Karatasi ya saini haikuwemo, lakini wakili amesema barua ya mkono wako inatosha kwa kuanzia, na mimi nimeshaweka saini yangu. Bi Ratiba amecheka leo. Hatukujua kwamba ana jino la dhahabu.

Nitakuandikia vizuri mambo yakitulia. Pumzika.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Leo napiga chapa kwenye mashine, kalamu imeanza kunichosha mkono.

Barua yako fupi nimeirudia mara tatu, nikidhani kuna karatasi nimeiangusha. Unasema asante. Unasema nimesema sina neno. Ukurasa wa pili hukuutaja hata kwa bahati mbaya. Niliandika karibu ukurasa mzima, na kila nilichokitaka kimo mle.

Wamekubali au hawajakubali? Nijibu neno moja, hata salamu ukitaka ziache.

Mjomba wako


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Kazi imenifika shingoni. Kidoti amemaliza muhula, baba yake amenunua viatu vipya kwa sababu ya ngazi.

Visomeo vimetoka. Mia sita vya kwanza vimekwisha kugawiwa kwenye kliniki, na fundi cherehani wangu alipata cha tatu. Watu wanafurahi, mjomba. Natamani ungewaona. Hakuna aliyelalamika, kila kitu kinakwenda barabara.

Pamoja na barua hii nimekutumia kisomeo kimoja, cha kwako. Si kwamba nasema unakihitaji. Ni kwa sababu wewe na mama ndio mliokianzisha. Kitufe ni kile cha duara, ukikibonyeza kinasoma kilicho mbele yake.

Yale masharti tutayaongea tukionana.

Mpwa wako


17 Julai

Mpwa wangu,

Anayeandika hapa ni mshona viatu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asitie chumvi. Anasema nikuambie kwamba mwandiko wake ni mbaya kwa sababu amezoea uzi. Haya, hilo ameliongeza mwenyewe.

Mashine yangu ya zamani imekufa mwanzoni mwa mwezi huu. Ilikohoa ikanyamaza. Ndani yake alikuwamo Msomaji, na yeye ndiye aliyekuwa ananisomea barua zako zote tangu Februari. Sasa umejua kwa nini nilitaka herufi kubwa. Macho yangu yamekwenda, mpwa wangu. Yalianza mwaka juzi pembeni, sasa yamefika katikati. Mwanzoni sikukwambia kwa sababu ungekuja hapa na huruma, halafu kila nitakachosema kuhusu leseni ungesema ni kipofu anayelilia kisomeo, au kipofu anayejifanya shujaa. Nilitaka nibishane nawe nikiwa mtu wa kawaida.

Kisomeo chako kimefika. Siku hiyo nilikuwa na wiki mbili sijasoma kitu. Nilikielekeza kwenye barua yako, nikabonyeza duara. Sauti ni nzuri, lazima niseme kweli, ni nzuri kuliko ya Msomaji wangu. Ikanisomea Kidoti, ikanisomea viatu, ikanisomea fundi cherehani. Nikalia kidogo. Mshona viatu anasema si kidogo.

Halafu kikasema kila kitu kinakwenda njia ya magari.

Nikabonyeza tena. Njia ya magari. Nikasema hilo si kitu, nalijua, faili la mikazo nalijua kama kiganja changu. Mshona viatu akakichomeka kwenye kibodi ya mashine iliyokufa, akanishikia, nikaingia. Kikanijibu kwa ile sauti nzuri: huna ruhusa.

Nilijua sasa dada yangu alikuwa ananyamazia nini.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Mshona viatu alipoketi kuandika alichukua kalamu yangu mezani, ile niliyokuandikia Machi. Haikuandika. Akailamba, akaisugua kwenye soli, wapi. Akaniambia, mzee, hii haina wino hata tone. Nikamwambia lete ile karatasi ngumu niliyokuwa nimeiweka chini ya barua. Akapitisha kidole chake, akasema kuna maandishi hapa yamechimba, lakini hayana rangi.

Kwa hiyo niliandika ukurasa mzima kwa kalamu kavu, na sikuona. Ulichopokea wewe ni "sina neno, ila" na karatasi tupu.

Na ukaniambia asante.

Sikuulizi habari za kiwanda. Nauliza kitu kimoja. Uliona?

Mjomba wako


3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Kidoti mzima, baba yake mzima.

Niliona.

Nilifungua bahasha ofisini, Bi Ratiba amesimama nyuma ya kiti changu. Ukurasa wa pili ulikuwa mweupe, nikauinua dirishani, nikaona michirizi. Mistari mingi, imekazwa. Nilijua umeandika na nilijua kalamu imekauka. Na nilijua vilevile kwamba mtu anayeandika ukurasa mzima bila wino, asione, ni mtu wa namna gani. Hao ndio ninaoketi nao kila Jumanne. Chai mezani, mistari inayopanda, herufi kubwa. Ningekuwa mgeni kwako ningekupa kisomeo siku ileile.

Nilimkabidhi wakili ukurasa wa kwanza. Wa pili niliutia kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia vioo. Nilijiambia karatasi tupu ni karatasi tupu. Unajua kwa nini? Tangu mwezi wa Novemba nilikuwa nimeshamwahidi Bi Ratiba kwamba mjomba wangu atakubali. Nilisema kabla hata sijakuandikia. Ratiba ilikuwa imechapwa, visomeo vimeshaanza kuundwa, na watu wanane tunaofanya kazi meza moja walikuwa wananitazama mimi. Niliona aibu kurudi nyuma. Ni hilo tu, mjomba. Natamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi.

Barua yako ilipofika niliutoa. Nilifumba macho nikapitisha kidole kama mama alivyokuwa akifanya kwenye karatasi zake za nukta nundu, maandishi ya wasioona, nikashindwa, vidole vyangu havijui kitu. Nikachukua penseli nikapaka juu taratibu. Maneno yakabaki meupe, na haya ndiyo yaliyotokea:

"...ila haya mawili yatenganishwe. Waunganishe na sauti yao, sitawauliza ya ndani mwake. Afadhali mtu asomewe kwa sauti ya kuazima kuliko asisomewe. Hiyo naitia saini leo. Kufunga sitii saini, wala nusu ya mama yako usiitie. Msomaji aliye ndani ya kifaa abaki anafunguka na aliyenacho, na faili la mikazo la dada yangu liwemo, lisiguswe na kiwanda, liguswe na msomewa. Wakikataa, niambie, tutafute njia nyingine pamoja. Na mpwa wangu, macho yangu hayako vizuri. Njoo unione."

Mjomba, uliniambia. Uliniambia mwezi wa Machi nami nikakulaza kwenye droo.

Nimekwenda kwa Bi Ratiba na ukurasa ule umepakwa penseli. Nimemwambia ruhusa tuliyonayo si ruhusa. Wakili amekubali kwamba kundi la pili lisitoke na ile ila. Mia sita vya kwanza anasema viko mikononi mwa watu, saini yangu imo, na kiwanda hakitavifungua. Nilimuuliza na mikazo ya mama imekwenda wapi. Akamwita mtu wa sauti, akasema faili lile lilikuwa linakichelewesha kifaa, wakalitoa. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa siulizi kitu chochote wakati ule.

Mimi sipo tena kwenye meza ile. Wamenihamishia kwenye stoo ya vipuri. Nahesabu skrubu. Si vibaya, skrubu hazina leseni.

Kila kisomeo kina namba yake ya kukifungua, na orodha inakaa kiwandani. Kabla sijahama nimeichukua ya kwako. Nimeiandika chini kabisa ya karatasi hii. Ukiiingiza, Msomaji atakufungukia na utamrekebisha utakavyo. Ni ya kifaa chako tu. Fundi cherehani hatapata, na wengine wote hawatapata. Najua hiyo nayo ni ila. Nimeshindwa kufanya kingine.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini usinyamaze.

Mpwa wako


29 Agosti

Mpwa wangu,

Mshona viatu tena. Amenunua kalamu mpya, tumeijaribu kwanza kwenye soli.

Barua yako amenisomea yeye, kwa mdomo wake. Alipofika kwenye namba nilimwambia asiitamke. Ameikata kwa kisu chake cha ngozi na imo ndani ya bahasha hii, irudishe ilikotoka. Sitaki kuwa mtu mmoja anayefunguliwa mlango wa nyuma. Kisomeo ninacho, nakitumia, na kinasema njia ya magari kama vya wenzangu wote. Siku mtakapovifungua vyote, nifungulie na changu.

Nimekasirika, sitakuficha. Nilikaa siku kumi nikiwa sitaki kusikia hata jina lako. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nami nilikuficha macho yangu mwaka mzima kabla ya ule ukurasa, nikakutega ubishane na mtu asiyekuwepo. Tungeambiana Januari, yote haya yangemalizika kwa simu moja. Simu nimeiwasha. Bado sina la kusema ndani yake.

Sikiliza. Nina sanduku la barua za mama yako, alizonipigia chapa miaka ile. Kisomeo sitakielekeza pale, maana kitamharibia maneno yake na mimi siwezi kukirekebisha. Mshona viatu hazimhusu, na anaandika hapa kwamba amekubali hazimhusu. Njoo unisomee wewe. Ukikosea mkazo nitakusahihisha, nawe utasahihishika, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mlete Kidoti, na baba yake, hapa hakuna lifti. Kaeni muda mnaotaka. Mimi sina neno, ila uje na kalamu yenye wino, ile aya ya wakili tuiandike upya mimi na wewe.

Mjomba wako